Stima ikikatika katikati ya gemu: namna ninavyocheza kwa betri bila kukwama

Saa mbili na robo usiku stima ilikatika mtaa mzima wa Mkomani, huku kwetu Lamu. Mwana wa ndugu yangu alikuwa mbele kwa bao moja, dakika ya 82, na mpira uko kwa kipa wake. Laptopu haikuzima, maana ina betri, lakini wachezaji wakaanza kukwama na kuruka, kukwama na kuruka. Mpira ukaonekana kwa kipa, kisha katikati ya uwanja, kisha umo wavuni mwake.

"Ami, imeharibika?" akaniuliza, macho yamemtoka.

Haikuharibika. Ilikuwa imehamia kwenye betri, na mimi sikuwa nimeitayarisha kwa hilo. Miezi miwili kabla yake nilishaibeba hadi Mombasa kwa tatizo lilo hilo. Fundi akabadilisha feni na dawa ya kupitishia joto, akachukua pesa yake, nami nikarudi Lamu na laptopu ile ile na kero ile ile. Usiku ule niliamua kuketi na daftari la hesabu za duka, nikapima kila kitu mwenyewe. Ninayoandika hapa yametoka kwenye daftari hilo.

Laptopu yangu ni ya mtumba: prosesa ya Intel i5-10300H, kadi ya michoro GTX 1650, kioo cha herzi 120, chaja ya wati 135, na betri iliyotoka kiwandani ikiwa na wati-saa 45, yaani ya kutoa wati 45 kwa saa moja. Yako huenda ni nyingine na namba zako zitakuwa nyingine, lakini njia ni hii hii.

Kwa nini nguvu hupungua chaja ikitoka

Nyumba zetu za mawe zina birika chooni, limejengwa na kupakwa chokaa. Mfereji ukitoa maji, unaoga utakavyo. Mfereji ukikauka, unateka birikani kwa kata, na kata ni ile ile moja hata birika likiwa limejaa pomoni. Chaja ni mfereji. Betri ni birika. Na kata, ukubwa wake umeamuliwa na aliyeiunda laptopu.

Alikuwa na sababu. Prosesa kama yangu imewekewa kiwango cha wati 45, na GTX 1650 ya laptopu hula kama 50. Ongeza kioo, feni, diski na memori, unakaribia wati 110. Betri ya seli tatu ina volti 11 na kidogo, kwa hiyo ili itoe wati 110 ingebidi isukume kama ampea 10 bila kupumzika. Seli zingepata moto, volti ingeanguka, na mashine ingezima ghafla. Ndiyo maana laptopu ikiona chaja imetoka huzibana prosesa na kadi, kila moja ikapewa sehemu tu ya chakula chake.

Basi usitafute mpangilio wa kukurudishia nguvu zote za chaja. Haupo. Na zile programu za bure zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi ya gemu mara dufu usiziweke. Nilijaribu mbili, zote zilikuwa zinakula prosesa zenyewe huku nyuma.

Kilichonifumbua macho ni Steam Deck, kile kimashine cha mkononi kilichotoka mwaka 2022. Chipu yake, prosesa na michoro pamoja, ina kikomo cha wati 15, na betri ya kile cha kwanza ni wati-saa 40, ndogo kuliko yangu. Bado kinacheza gemu kubwa. Kinaweza kwa sababu kioo chake ni cha pikseli 1280 kwa 800 tu na kila kitu ndani yake kimepangwa kutoshea wati hizo. Nilipolitia akilini hilo nikaacha kutafuta wati zaidi, nikaanza kuuliza hizi nilizo nazo zinapotelea wapi.

Pima kwanza

Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) katika Windows, uandike powercfg /batteryreport. Litakutengenezea faili, uifungue kwa kivinjari. Humo utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Yangu imeshuka kutoka wati-saa 45 hadi 38. Kama yako imebaki nusu, hakuna ujanja utakaokupa saa mbili za gemu. Weka akiba ununue betri.

Kisha weka HWiNFO, programu ya kupimia mashine, ni ya bure. Kwenye orodha ya vipimo shuka hadi sehemu ya betri, kuna namba ya wati zinazotoka, nayo huwa na alama ya kutoa mbele yake. Hiyo ndiyo namba ya kuishi nayo. Chomoa chaja, fungua gemu, simama mahali pamoja kwa dakika tano, uandike. Mimi husimama ufukweni katika GTA V, mbele ya gurudumu la pembea, jua likiwa limesimama saa sita mchana ya mle ndani ya gemu. Ukipima leo mjini na kesho jangwani utajidanganya.

Mara ya kwanza daftari langu liliandikwa wati 58. Gawanya 38 kwa 58, ni kama saa 0.65: dakika 39 tu, na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zinapanda na kushuka, 60, 24, 51, 30. Stima ya kwetu ikiondoka hukaa saa moja, mara nyingine zaidi.

Funga fremu, hapa ndipo penye mali

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote, fanya hili. Kadi ya michoro isipowekewa mpaka huchora fremu nyingi kadiri ya uwezo wake wote. Kwa betri hilo ni balaa: inachora kwa pupa, inagonga kikomo cha wati, inabanwa, inapumua, inaanza tena pupa. Huko kupanda na kushuka ndiko unakokuona kama kukwama. Jicho halisumbuliwi sana na fremu chache. Linasumbuliwa na fremu zisizofika kwa mwendo mmoja. Nakwambia kwa yakini, 40 zilizotulia zinachezeka vizuri kuliko 60 zinazoyumba.

Mwenye kadi ya Nvidia aangalie kwanza Battery Boost. Ni kitu kilichoanza mwaka 2014, kazi yake ni kuzuia fremu laptopu ikiwa kwa betri, na kwa kawaida huzuia kwenye 30. Watu wengi wanakwama kwenye 30 miezi na miezi wakidhani mashine imezeeka. Iko ndani ya programu ya Nvidia yenyewe. Izime au uipandishe namba. Si adui, ila ni afadhali uchague wewe.

Uchague ngapi? Tazama kioo chako. Cha herzi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo namba zinazokikubali ni 60 na 30. Ukikifungia 40, fremu moja itakaa mzunguko mmoja na nyingine miwili, na utaona mtikisiko hata namba ikiwa imetulia. Kioo cha herzi 120 kinakubali 40, kwa sababu 120 gawanya kwa 40 ni tatu kamili, kila fremu inakaa mizunguko mitatu sawasawa. Na 40 ina siri nyingine. Fremu 30 ni moja kila milisekunde 33, fremu 60 ni moja kila 17 hivi, na 40 ni moja kila 25. Yaani kwa muda wa kungoja, 40 iko katikati kabisa ya 30 na 60, ingawa ukiitazama namba yenyewe inaonekana iko karibu na 30. Unapata nusu ya faida kwa fremu kumi tu.

Mimi nimeamua hivi. GTA V kwa betri ni 40, kioo nikikiacha herzi 120. Mpira ni 60, kioo nikikishusha hadi herzi 60, maana katika mpira pasi ikichelewa kidogo inanyakuliwa, na kijana wangu hawezi kukusamehe. Kushusha herzi peke yake kuliniokolea karibu wati mbili.

Tumia kifungio kilichomo ndani ya gemu kama kipo. Kama hakipo, Nvidia wana "Max Frame Rate" katika mipangilio yao tangu mwaka 2020. Wenye kadi za AMD au Intel wachukue programu ya RivaTuner, inafanya kazi kwa kadi zote. Chagua kimoja tu. Vifungio viwili kwa pamoja hugombana.

Baada ya kufunga, daftari: kutoka wati 58 hadi 41. Na ule mruko ukaisha. Nilimwita kijana aje aone, akakimbiza gari ufukweni mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa ni kama kuna stima."

Mshushe pumzi prosesa

Prosesa za leo hujirusha juu ya mwendo wao wa kawaida zikipata nafasi. Yangu mwendo wake wa msingi ni gigaherzi 2.5 lakini hujirusha hadi 4.5. Kuruka huko kunahitaji volti zaidi, na ulaji wa wati hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo kipande cha mwisho cha mwendo ndicho cha bei ghali kuliko vyote. Kwa chaja, sawa. Kwa betri ni kumwaga maji ya birika uani. Tena kila wati anayolamba prosesa bure ni wati aliyonyimwa kadi, na katika gemu nyingi kadi ndiyo yenye njaa.

Katika mipangilio ya nishati ya Windows kuna kitu kinaitwa "Maximum processor state", kimeandikwa mara mbili: kwa betri na kwa chaja. Cha betri kitoe 100 ukiweke 99. Ni asilimia moja tu lakini inazima kule kujirusha kote, na prosesa inabaki karibu na mwendo wake wa msingi. Laptopu nyingi mpya zimekificha. Hapo fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike mistari hii miwili:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setactive scheme_current

Ukitaka kurudisha, andika 100 badala ya 99. Upande wa chaja haujaguswa.

Daftari: kutoka 41 hadi 31. Kwenye mpira sikupoteza hata fremu moja. Kwenye GTA V, nikipita mjini kwa kasi, ilishuka hadi 37 mahali pawili, kisha ikarudi.

Lakini usilifanye hili kama kipofu. Laptopu nyembamba za ofisini zina mwendo wa msingi mdogo sana. I5-8250U, kwa mfano, ni gigaherzi 1.6, na nguvu yake yote iko katika kule kujirusha hadi 3.4. Ukiiwekea 99 utaiua. Rafiki yangu wa Langoni alinifuata hivyo hivyo bila kuuliza, gemu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kwa mashine kama yake acha 100, utegemee kufunga fremu.

Kuna pia njia ya kupunguza volti kwa programu ya ThrottleStop. Ni nzuri, ila baada ya kasoro ya usalama iliyoitwa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, watengenezaji wengi waliufunga mlango huo. Wangu umefungwa, nikaendelea na safari.

Hali ya nishati ya Windows kwa ujumla iweke "Balanced". Ile ya kuokoa betri kabisa hubana prosesa kwa namna isiyotabirika na kukwama kunarudi.

Picha: punguza kisichoonekana

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 1600 kwa 900 kina 1,440,000. Umempunguzia kadi kazi ya kama asilimia 30, na kwenye kioo cha inchi 15 ni vigumu kuona tofauti ukiwa unakimbiza mpira. Ndio mpango wangu wa betri.

Halafu zima vitu ghali. Katika GTA V, MSAA, ile ya kulainisha kingo za vitu, izime kabisa, nyasi ziwe ngazi ya chini, kivuli ngazi ya chini, na vipimo vyote vya umbali wa ziada viwe sifuri. Ubora wa picha zinazovishwa kuta na nguo (Texture Quality) usiushushe kama memori ya kadi inatosha. Hizo hula memori, hazili wati sana, na ukizishusha kila kitu kitaonekana kama kimepakwa tope. Katika mpira, wapunguze watazamaji. Hakuna anayewaangalia. Gemu ikiwa na FSR ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, iwashe, maana inafanya kazi hata kwa kadi ya Nvidia ya zamani kama hii yangu ambayo haina DLSS, ile ya Nvidia wenyewe ya kazi kama hiyo.

Daftari: 31 hadi 27. Gawanya 38 kwa 27, ni saa moja na dakika 24. Kutoka dakika 39, na mchezo umetulia kuliko mwanzo.

Usiye na kadi ya pembeni, unayetegemea michoro ya ndani ya prosesa, sikiliza hili moja. Fungua chini uangalie memori (RAM). Ikiwa ni kijiti kimoja na kuna nafasi ya pili tupu, nunua kijiti cha pili kinachofanana. Michoro ya ndani inatumia memori hiyo hiyo ya mashine, na vijiti viwili vinaipa barabara mbili za kupitishia data badala ya moja. Hutapata badiliko kubwa zaidi ya hilo kwa pesa ndogo kama hiyo, iwe kwa betri au kwa chaja.

Mengine ni madogo: mwanga wa kioo ushushe, usiku gizani asilimia 40 inatosha, taa za kibodi zima, funga kivinjari, na simamisha masasisho na programu zinazopandisha picha mtandaoni. Kurekodi gemu kwa nyuma kuzime.

Joto letu na chumvi yetu

Wakati wa kaskazi, ndani ya chumba cha ghorofa ya chini kuta nene za matumbawe hubaki na ubaridi kidogo; juu darini ni tanuri. Cheza chini. Usiweke laptopu juu ya godoro wala mkeka laini, maana mdomo wa feni uko tumboni mwake. Mimi huinua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya soda, upande na upande. Feni ikipata hewa haizunguki kwa nguvu, na yenyewe pia inakula betri.

Upepo wa bahari huleta chumvi na mchanga laini. Nikifungua tumbo la laptopu kila baada ya miezi mitatu nakuta unyevu umeshikana na vumbi kama uji uliokauka kwenye mapezi ya shaba. Brashi laini ya mswaki mpya, polepole, mashine ikiwa imezimwa na betri imechomolewa waya wake. Ukimaliza kucheza barazani, irudishe mfukoni. Isilale nje.

Na betri yenyewe inachukia joto ikiwa imejaa. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuacha kuchaji kwenye asilimia 80. Yangu huishi hapo siku zote, isipokuwa nikiona mawingu ya masika yamejikusanya upande wa Manda. Siku hiyo naifungulia ijae hadi 100, kwa sababu najua usiku utakuwaje.

Wenye mfumo wa sola nyumbani, inveta iwe ile ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi hutikisa chaja na kuzipasha moto. Pawabenki ya wati 65 inaweza kusaidia kama laptopu yako inachajiwa kwa USB-C. Yangu haichajiwi hivyo, kwa hiyo sina la kuongeza.

Betri ikikaribia mwisho

Windows huwasha kiokoa betri yenyewe, kwa kawaida kwenye asilimia 20 au 30 kutegemea toleo, na hapo gemu inashikwa koo katikati ya shambulio. Iweke ije kwenye 10, au izime kabisa, lakini jiwekee mpaka wako. Sisi wetu ni 15. Volti ya seli ikiwa chini kiasi hicho, msukumo mmoja mkubwa wa kadi unatosha kuzima mashine kabla namba haijafika sifuri, na gemu isiyohifadhiwa inapotea. Kijana amezoea: ikifika 15 anahifadhi, anafunga kifuniko, tunatoka barazani kupunga upepo.

Stima ikirudi usikimbilie chaja. Dakika za mwanzo hurudi na kuondoka, na ikirudi mara nyingine huja na kishindo kinachoua chaja; moja yangu ilikufa hivyo, na harufu yake ilibaki chumbani siku mbili. Sasa chaja inaning'inia msumarini karibu na dirisha, nami natazama taa ya jirani ng'ambo ya kichochoro. Ikikaa dakika tano bila kupepesa, ndipo naichomeka.